Mama Amekagua Gwaride

Luzira, Kampala
Jumatatu, 18 Agosti 2025

Kaka yangu mpendwa Okwera,

Pokea salamu zetu kutoka upande huu wa ziwa. Wifi Rashidah hajambo? Na watoto je, yule mdogo ameacha kukohoa? Mvua za Mwanza zikoje? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mimi ni mzima, kazi ya ofisi ya mizigo inaendelea na kelele zake, na mama ni mzima kuliko tulivyowahi kutarajia mwaka huu. Huo uzima wake ndio umenikalisha chini kuandika.

Najua utashangaa kupokea barua kama watu wa zamani ilhali kila mtu ana simu. Sababu ni mbili. Ya kwanza, habari yangu ni ndefu, na simu yako hukatika kila nikifika mahali patamu. Ya pili utaiona mbele. Uthman, yule fundi wa mitambo kwenye meli ya mabehewa, anaondoka Port Bell kesho asubuhi, naye ameahidi kukutia barua hii mkononi mwenyewe.

Kaka, mama ametembea! Sisemi kule kuburuta miguu ulikokuona Krismasi. Juzi Jumamosi mama yetu, Afande Aryemo, amekagua gwaride. Uwanjani, mbele ya watu, bila mtu kumshika. Acha nieleze kwa utaratibu, maana nikifuata furaha yangu nitaanzia mwisho.

Unakumbuka ulivyoanza ugonjwa huu. Mkono wake wa kushoto uliacha kuyumba akitembea, tukacheka tukisema bado amebana fimbo ya gwaride kwapani. Kisha hatua zikafupika, mgongo ukainama, na daktari akasema ni ugonjwa wa Parkinson, kwamba sehemu ya ubongo inayoongoza mwendo inaishiwa na kitu chake cha kufanyia kazi. Dawa alipewa na zinamsaidia. Lakini kule kuganda kwa miguu kulibaki. Anatembea vizuri, akifika mlangoni nyayo zinanata sakafuni kama zimepakwa gundi, huku mwili wa juu bado unataka kwenda. Akitaka kugeuka, anaganda. Akiwa amebeba kikombe na mtu akamsemesha, anaganda. Jambo la ajabu ni kwamba ngazi za nyumba ya padri anapanda vizuri tu! Ndiyo maana watu walidhani anajifanya.

Kuna jambo hatukukuambia. Mwaka jana mwezi wa kumi aliganda kwenye mlango wa kanisa, waumini wote wakiwa nyuma yake. Mama mmoja akasema kwa sauti kwamba wengine huanza waragi kabla ya misa. Mama yetu, ambaye hajawahi kuonja hata bia ya harusi! Tangu siku ile hakukanyaga tena kanisani, akasema Mungu anajua nyumba yake ilipo.

Kisha ikaja ile ajali ya Januari, akavunjika kifundo cha mkono. Hiyo unaijua, na ulivyoagiza baada yake unakumbuka. Wiki sita za plasta zilimmaliza. Alikuwa anakaa kwenye kiti cha dirishani tangu chai ya asubuhi mpaka jioni, akiangalia malori yakiteremka kwenda bandarini. Nikimwambia twende hata mpaka kwenye geti, ananijibu kwamba askari akishavuliwa buti hapaswi kuulizwa habari za safari. Kwenye simu nilikuwa nakuambia anaendelea vizuri. Hakuwa anaendelea vizuri, kaka. Alikuwa anazimika.

Mwezi wa tano daktari alituelekeza kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo kwenye kliniki moja huko Bukoto, Mkongomani kutoka Bukavu anayeitwa Aristide. Ni mwembamba, Kiswahili chake kinakimbia, na anamwita kila mgonjwa "mheshimiwa." Hakuanza kwa kumpima mama. Alimuuliza alikuwa anafanya kazi gani. Mama akajibu kwa ile sauti yake iliyopungua kwamba alikuwa askari magereza, mwalimu wa kwata wa makuruta wa kike kwa miaka ishirini na tano. Aristide akaruka kwenye kiti. Akasema, "Mheshimiwa, basi dawa yako ya pili unayo kichwani!"

Akatueleza kwamba ile njia ya ubongo inayomfanya mtu atembee bila kufikiri ndiyo imeharibika kwa mama, lakini ziko njia za kuzunguka. Mtu akipata mdundo wa kufuata au mstari wa kuruka, anatembea kwa kukusudia, na mguu unatii. Ndiyo maana ngazi zinamfaa, kila kidato ni kama amri. Akabandika sakafuni vipande vya utepe mweupe, hatua moja moja, mpaka mlangoni na kupita nje. Halafu akasimama kando, akanyoosha shingo na kutoa amri: "Mbele tembea! Kushoto, kulia, kushoto!"

Mama alimwangalia kwa dharau, kama anavyomwangalia mtu aliyevaa kofia upande. Akamsahihisha kwamba amri haitolewi hivyo, inavutwa kwanza, kisha inakatwa. Akaivuta mwenyewe na kuikata. Na alipoikata, mguu wake wa kushoto ukanyanyuka. Alipita kwenye ule mlango, Okwera, kama mtu anayekwenda kupokea mshahara! Nilijikuta nimekaa sakafuni, nalia na kucheka.

Aristide hakutudanganya. Alisema ugonjwa haujaondoka na hautaondoka, kuna siku dawa itachelewa kufanya kazi na hata amri haitasaidia. Alimkataza mama ile "nyuma geuka" ya kuzungukia kisigino, kwa sababu mgonjwa wa namna hii anaangukia hapo hapo. Azunguke kwa duara pana, hatua baada ya hatua, kama lori linalogeuza trela. Mama alichukia! Alisema kugeuka hivyo ni aibu kwa sare. Wakabishana nusu saa. Aristide akashinda.

Kisha akatuambia sisi tunaoishi naye mambo ya kufanya akiganda: tumwache asimame, apumue, ahamishe uzito mguu mmoja hadi mwingine, halafu tumhesabie, au tuweke mguu wetu mbele ya wake auruke. Mama akadakia kwamba hilo la mguu analijua, Zulaikha alipokuwa akimuuguza alikuwa anamfanyia hivyo kila siku bila kufundishwa na mtu.

Najua umekunja uso uliposoma jina hilo. Vumilia, kaka. Usiiweke barua hii chini.

Tulipotoka kliniki nilimkalisha mama kwenye duka la dawa, nikaenda sokoni pale pale Bukoto, kwa sababu nilikuwa nimesikia kwamba Zulaikha anauza kabalagala huko kwa dada yake. Nilimkuta amekaa mbele ya sufuria ya mafuta, uso umejaa jasho. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, aliyewauguza wazee watatu wa Luzira mpaka wakazikwa kwa heshima, sasa anageuza mikate ya ndizi kwenye moto wa watu. Nilichomwambia pale nitakieleza baadaye. Kwa sasa jua tu kwamba wiki iliyofuata alirudi nyumbani kwetu, na ni mimi niliyemwomba.

Basi nyumba ikageuka kambi! Zulaikha alichukua kanga kuukuu, akazichana, akashona vipande vya rangi kwenye mkeka kuanzia chumbani mpaka jikoni. Kila asubuhi, dawa ikishashika, wanatoka. Mama anatoa amri kwa sauti ndogo, Zulaikha anairudia kwa sauti ya soko, na majirani wanachungulia. Mwezi wa sita walifika kwenye geti. Mwezi wa saba walifika njia ya reli. Siku moja mama aliganda katikati ya barabara na boda zote zikasimama. Zulaikha akaweka mguu, mama akauruka, na madereva wakapiga honi za kumpongeza. Alianguka mara mbili katika miezi hiyo, sikufichi, mara moja akachubuka goti. Aliinuka akidai ni mkeka uliokosa nidhamu.

Sasa ndipo ukaja mwaliko. Unamkumbuka Abwola, yule kuruta mrefu aliyekuwa anatubebea miwa tulipokuwa wadogo? Amestaafu mwaka huu na cheo kikubwa kuliko alichokuwa nacho mama. Kile kikosi cha wasichana ambacho mama alikifundisha mwaka 1987, karibu wote wanastaafu sasa, na Abwola akawa na wazo kwamba kabla hawajatawanyika, mwalimu wao awakague mara ya mwisho. Alikuja mwenyewe nyumbani na kuomba amesimama wima. Mama alikataa. Alisema hawezi kwenda kugandia mbele ya watoto wake wa kazi, wakabaki na picha hiyo. Abwola akajibu kwa adabu, "Afande, wewe ulituona tukitapika kwenye mbio za asubuhi. Hukutukataa." Mama akaniambia nitafute pasi, sketi yake ya kaki haiwezi kwenda hivyo.

Jumamosi tukaenda. Ulikuwa uwanja wa shule moja hapa hapa Luzira, nyasi zimekatwa, viti vya plastiki, jua la saa nne. Walikuwa wanawake kumi na tisa kati ya thelathini na mmoja, wengine wametangulia mbele za haki. Baadhi wamevaa gomesi, wengine suruali za michezo, mmoja ana goti bovu na mwingine ana miwani minene kama sahani. Lakini Abwola alipoita "Mguu sawa!" wale bibi walinyooka mistari miwili, kaka. Ungepitisha uzi.

Mama alikuwa amemeza dawa kwa saa, tulikuwa tumehesabu vizuri. Alivaa sketi yake ya kaki na bereti, fimbo mkononi. Alianza. Kushoto, kulia. Miguu inanyanyuka. Alipita mbele ya mmoja mmoja, na usidhani alikuwa anatabasamu! Huyu aliambiwa kidevu, yule aliambiwa tumbo. Alipofika kwa Abwola alimwambia kola yake imelala kama sikio la mbuzi. Kwa kuwa sauti ya mama sasa ni ndogo, Abwola mwenyewe alilazimika kurudia kwa nguvu ili kikosi kisikie: "Kola yangu imelala kama sikio la mbuzi, afande!" Watu waliangua kicheko mpaka viti vikalia.

Akafika mwisho wa mstari wa kwanza, mahali pa kugeuka aukague wa pili. Hapo akaganda.

Nilimwona. Visigino vilinyanyuka kidogo, nyayo zikabaki, magoti yakaanza kutetemeka kwa haraka haraka. Kicheko kikakatika. Watu mia mbili wakamkodolea macho. Niliruka kutoka kwenye kiti nikimbilie kumshika, na Zulaikha akanikamata gauni kwa nyuma. Hakunong'ona, alisema, "Kaa chini, Acan. Usimguse."

Ndipo nikasikia tap, tap. Ni Abwola. Alikuwa anakanyaga papo hapo, polepole, bila kumwangalia mama. Wa pembeni yake akadaka, kisha wa pili, kisha kikosi kizima, wanawake kumi na tisa wakikanyaga nyasi kwa pamoja, kushoto, kulia, kushoto, kulia, mpaka ardhi ikawa inavuma chini ya kiti changu. Hakuna aliyetoa amri. Mama alisimama akiwasikiliza. Nikaona mabega yake yanateremka. Akahamisha uzito huku, akahamisha kule. Mguu wa kushoto ukatoka! Akazunguka kwa ile duara pana aliyoidharau, hatua saba, nilizihesabu, akaingia mstari wa pili, na mtu wa kwanza aliyemkuta aliambiwa mdundo wake umechelewa.

Vigelegele vilivyopigwa pale nadhani mlivisikia Mwanza. Jana Jumapili mama aliamka mwenyewe, akasema anakwenda misa. Mlangoni alisimama kidogo, akapumua, akahesabu, akaingia. Alikaa benchi la mbele.

Sasa kaka, sababu ya pili ya barua.

Ile asubuhi ya Januari, Zulaikha hakuwa pamoja na mama. Zulaikha alikuwa nje anaanika nguo. Aliyekuwa na mama ni mimi. Nilikuwa nimechelewa kazini, boda ananipigia honi getini, na mama ameganda kwenye mlango wa jikoni, amenizibia njia. Nilimwambia mama tafadhali. Nikamwambia tena kwa ukali. Kisha nikamshika mkono nikamvuta. Nilimvuta kwa nguvu, Okwera, kama mtu anayevuta kiroba. Mwili ulikuja, miguu ikabaki. Mlio wa mkono wake ulipogonga saruji ninao masikioni mpaka leo. Zulaikha alikuja mbio kutoka nje, ndiye aliyemwinua na kumfunga mkono kwa kanga.

Ulipopiga simu ukauliza nani alikuwepo, nilijibu kwamba Zulaikha alikuwepo. Sikusema uongo, nilisema nusu, na ile nusu ikafanya kazi yote. Ulisema afukuzwe siku ile ile, nikamfukuza. Uliandika kwenye kundi la simu la majirani kwamba ni mzembe aliyemwangusha mgonjwa, nikasoma nikanyamaza. Hakupata tena mtu wa kumuuguza Luzira nzima. Mimi nilikuwa nampita kituoni nikitazama upande mwingine, mpaka alipohamia Bukoto.

Siku ile kliniki, Aristide alipoonya kwamba kosa kubwa kuliko yote ni kumvuta mtu aliyeganda, nilijua kosa hilo ni langu. Ndiyo maana nilikwenda sokoni. Nilipiga magoti mbele ya ile sufuria, watu wakitazama, nikamwomba radhi. Aliendelea kugeuza kabalagala zake. Mwishowe akasema mimi ameshanisamehe, kwa kuwa alimwona mwanamke mwenye haraka na si mwanamke mbaya. Lakini jina lake bado limelala chini pale Luzira, na aliyeliangusha kwa maandishi ni kaka yangu, kwa sababu yangu. Akasema atarudi kwa ajili ya mama, ila nikuambie. Nimemzungusha miezi mitatu. Yeye hakunikumbusha hata mara moja.

Jumamosi jioni, tulipokuwa tunamvua mama buti zake, nilimwambia yote. Nilidhani nampa habari mpya, kwamba pengine kwa maumivu ya siku ile hakujua ni nani aliyemvuta. Alinitazama, uso wake haucheki wala haulii siku hizi, ugonjwa umeukaza, lakini macho yalikuwa yake. Akasema, "Mkono wa mwanangu niusahau? Nilikuwa nakusubiri. Miaka ishirini na tano nimefundisha, sikuwahi kumsemea kuruta kosa lake."

Nikamuuliza kwa nini basi alimwacha Zulaikha aondoke. Hapo aliinamisha kichwa. Akasema hilo ni kosa lake yeye, alinichagua mimi, na kwamba amekwisha kumwomba Zulaikha msamaha tangu siku ya kwanza aliporudi.

Basi sasa na wewe unajua. Unayo haki ya kunikasirikia, na ukinikasirikia nitapokea. Ninachokuomba ni kimoja: pale ulipoandika jina la Zulaikha, pale pale andika ukweli, na jina langu uliweke. Mimi nimeshawaambia majirani kwa mdomo leo asubuhi, usije ukausoma kundini kabla ya barua hii. Majirani wawili wamekwisha kuja kumsalimia kwa aibu, wakajifanya wanaazima chumvi.

Msalimie sana wifi, wabusu watoto, waambie bibi yao anawataka Desemba waje wafundishwe kusimama. Uthman atangoja jibu lako mpaka meli ipakie. Mungu akulinde na akupe moyo mpana.

Ni mimi dada yako,
Acan

Mama amechukua kalamu, anataka kuongeza neno kwa mkono wake. Maandishi yake yamekuwa madogo kama mchele, tafuta mwanga mzuri:

Okwera mwanangu. Usimpigie dada yako kelele. Mpigie Zulaikha kwanza. Hiyo ni amri. Mama yako.